Isotopi za Maji Kwenye Theluji ya Juu: Namba Inayoweza Kuharibika Kabla ya Kufika Maabara

Chota theluji ya sentimita moja ya juu kabisa katika uwanda wa ndani wa Antaktika, iyeyushe, upime isotopi zake, yaani uwiano wa molekuli nzito na nyepesi za maji, na utapata namba kama −50. Namba za aina hiyo ndizo wataalamu wa barafu huzitumia kukadiria joto la zamani, na ndizo zilizojenga historia ya hali ya hewa ya miaka 800,000 kutoka kwenye mche wa barafu, yaani nguzo ndefu ya barafu, ambao mradi wa Ulaya wa EPICA uliuchimba Dome C, Antaktika Mashariki. Lakini theluji haitulii ikishatua. Jua huipiga, upepo huihamisha, na hewa iliyo juu yake hubadilishana nayo mvuke usiku na mchana. Kisha huja mkono wa mpimaji, mfuko, chupa na mashine.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: makosa mengi ya kushughulikia sampuli huisukuma namba upande uleule ambao jua na hewa kavu huisukuma. Maji yakitoroka kwenye mfuko uliofungwa ovyo, matokeo yake yanafanana sana na theluji iliyogeuka mvuke palepale uwandani. Kosa la namna hii halifutiki kwa kuchukua wastani wa sampuli nyingi, kwa sababu zote zimevutwa upande mmoja. Mizani ya duka iliyoharibika haisahihishwi kwa kupima mfuko uleule wa unga mara 20. Kwa hiyo ubora wa kipimo huamuliwa zaidi na nidhamu ya watu walioko kambini kuliko na bei ya mashine iliyoko maabara.

Namba yenyewe inatoka wapi

Molekuli nyingi za maji zina oksijeni ya uzito wa 16 na hidrojeni ya kawaida. Chache zina oksijeni ya uzito wa 18, na nyingine chache zina deuteri, yaani hidrojeni yenye nyutroni moja ya ziada. Hizi ni isotopi tulivu: haziozi, hazitoi mionzi. Katika maji ya rejea yanayoitwa VSMOW, ambayo Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki huko Vienna huyatunza kama kiwango cha dunia nzima, kuna atomi 2,005.20 za oksijeni-18 kwa kila atomi milioni moja za oksijeni-16, na deuteri 155.76 kwa kila hidrojeni milioni moja.

Hatuandiki uwiano huo moja kwa moja. Tunaandika tofauti yake na VSMOW katika sehemu kwa elfu (‰), kwa alama ya delta: gawanya uwiano wa sampuli kwa uwiano wa VSMOW, toa 1, zidisha kwa 1,000. Sampuli yenye oksijeni-18 kiasi cha 1,904.94 kwa milioni ina uwiano wa 0.95 ukilinganisha na VSMOW, basi δ18O yake ni −50‰. Kwa deuteri tunaandika δD, na hesabu ni ileile.

Molekuli nzito huvukia kwa shida kidogo na hugeuka tone au punje ya theluji kwa wepesi zaidi. Mvuke unapotoka bahari ya joto kuelekea ncha ya dunia, kila mvua na kila theluji inayoanguka njiani hupokonya wingu sehemu ya molekuli nzito. Hewa inapozidi kupoa ndivyo kinachobaki kinavyozidi kuwa chepesi, na ndiyo maana theluji ya mahali pa baridi zaidi ina namba hasi zaidi. Mdenmark Willi Dansgaard ndiye aliyelipa jambo hili umbo la kisayansi, na makala yake ya mwaka 1964 bado husomwa. Ukilinganisha mahali na mahali, δ18O hubadilika kwa karibu 0.7‰ kwa kila nyuzi moja ya selsiasi huko Greenland, na karibu 0.8‰ huko Antaktika Mashariki. Uhusiano huu ni wa nchi za baridi. Huku kwetu kwenye tropiki, kwa mfano katika vituo vya Entebbe na Dar es Salaam ambavyo vimechangia sampuli za mvua kwenye mtandao wa dunia wa isotopi, wingi wa mvua huwa na nguvu kuliko joto, na kanuni ya 0.7 haifai kabisa.

Kipimo cha tatu ni ziada ya deuteri, kwa kifupi d. Mwaka 1961 Harmon Craig alionyesha kwamba maji ya mvua na theluji duniani hufuata mstari mmoja: δD ni sawa na mara 8 ya δ18O, jumlisha 10. Toa mara 8 ya δ18O kutoka kwenye δD, na kinachobaki ndicho d. Namba hii haijali sana wingu lilipoa kiasi gani. Inajali mwendo: hewa ilikuwa kavu kiasi gani maji yalipovukia, na molekuli zilikimbia kwa kasi gani. Kwa theluji ya juu, d ndiyo shahidi tunayemwamini kuliko wote, na pia ndiyo ya kwanza kuharibika.

Theluji ikishatua

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba theluji inapogeuka mvuke bila kupitia maji, huondoka tabaka kwa tabaka. Punje ya barafu ni ngumu, molekuli zilizo ndani yake hazitembei kwa kasi ya kutosha kujichanganya, basi tabaka la nje likiondoka linaondoka na isotopi zake zote, nzito na nyepesi, na la chini halibadiliki. Kama ingekuwa hivyo, theluji ya juu ingetunza ujumbe wa wingu kama ulivyokuja.

Vipimo vya kambi ya NEEM, kaskazini-magharibi mwa Greenland, vilivyochapishwa mwaka 2014, vilionyesha vingine. Katika siku zilizopita kati ya anguko moja la theluji na jingine, isotopi za tabaka la juu zilibadilika zikifuatana na zile za mvuke wa hewa. Baadaye kazi zilizofanywa EGRIP, kambi iliyoko kaskazini-mashariki mwa barafu ya Greenland, pamoja na majaribio ya maabara ya kupitisha hewa kavu juu ya sanduku la theluji, ziliongeza uzito: theluji inapovukia, δ18O ya sentimita za juu hupanda na d hushuka.

Sababu ya d kushuka inastahili kuelezwa polepole, kwa kuwa ndiyo inayotega wapimaji. Molekuli mbili nzito zinapopenya hewa tulivu, ile ya oksijeni-18 husafiri kwa kasi ya 0.9723 ya molekuli ya kawaida, na ile ya deuteri kwa 0.9755. Tofauti ni ndogo. Lakini katika hali ya usawa kati ya barafu na mvuke, deuteri hutengana kwa nguvu takriban mara 8 ya oksijeni-18, wakati katika mbio za kupenya hewa zote mbili hutengana kwa karibu kiasi kilekile. Mbio hizo basi huongeza oksijeni-18 katika theluji inayobaki bila kuongeza deuteri kwa uwiano wa 8. Unapotoa mara 8 ya δ18O, d inaanguka.

Usiku mambo hugeuka. Uso wa theluji hupoa kuliko hewa, mvuke hurudi na kuganda juu yake kama sakitu, ukileta isotopi za hewa ya hapo. Upepo nao husukuma hewa ndani ya vinyweleo vya theluji, ndiyo maana mabadiliko hayaishii kwenye uso tu. Chini zaidi, mvuke husambaa polepole kati ya punje na kufuta tofauti za tabaka jembamba na jembamba.

Ukubwa wa tatizo unategemea theluji inakaa uso wazi kwa muda gani. Dome C, kilipo kituo cha Concordia kwenye mwinuko wa mita 3,233, hupata takriban sentimita 8 za theluji kwa mwaka. Kwa wastani sentimita moja ni kama wiki sita na nusu za kukaa kwenye jua, upepo na hewa kavu kabla ya kufunikwa. Na huo ni wastani tu, kwa maana upepo unaweza kuukosesha mwaka mzima mahali pamoja na kuurundika mita chache pembeni.

Kuchota

Kabla ya kugusa theluji, amua kina na usikibadilishe msimu mzima. Sentimita 0 hadi 1 ni chaguo la kawaida kwa anayefuatilia mabadiliko ya siku hadi siku. Nusu sentimita huonyesha mabadiliko makali zaidi ila ni vigumu kuikata kwa usawa. Sentimita 5 huchanganya theluji mpya na ya zamani kiasi kwamba ishara ya siku hupotea. Mtu anayechota sentimita 1 leo na sentimita 1.5 kesho ameshatengeneza mabadiliko ambayo hayakuwepo.

Kifaa kizuri ni fremu bapa ya chuma au plastiki ngumu yenye ukingo wa sentimita 1, inayosukumwa mlalo hadi ukingo uzame, na kijiko bapa cha kusawazisha na kukusanya. Eneo la sentimita 10 kwa 10 kwa kina cha sentimita 1, kwenye theluji ya msongamano wa gramu 0.3 kwa sentimita ya ujazo, hutoa gramu 30 za maji. Mashine inahitaji mililita moja au mbili tu, lakini zinazobaki ndizo akiba yako ya kurudia kipimo, na wingi pia hukinga sampuli dhidi ya upotevu mdogo. Kifaa chenyewe kikae nje kivulini kwa dakika kadhaa kabla ya kazi. Kijiko kilichotoka kwenye hema lenye joto huyeyusha punje za kwanza, nazo hunata juu yake na hazifiki kwenye mfuko.

Usisafishe kijiko kwa spiriti. Alkoholi hufyonza mwanga karibu na mawimbi yaleyale ambayo mashine ya leza hutumia kusoma maji, na mabaki kidogo yanaweza kupotosha matokeo bila onyo. Kupangusa kwa kutumbukiza kifaa kwenye theluji safi ya mahali hapohapo kunatosha.

Chota ukielekea upepo unakotoka, ili pumzi, moshi wa skuta ya theluji na theluji unayoinua kwa miguu viende nyuma yako. Vaa glavu. Kila sehemu huchotwa mara moja tu, hivyo panga mstari mapema, weka vijiti vya mianzi kama alama, na uchote upande wa kijiti unaopokea upepo, hatua kadhaa mbali nacho. Upande wa pili kijiti hutengeneza mkia wa theluji iliyorundikwa, na ukichota humo unapima theluji ya kijiti.

Sasa swali la idadi. Uso wa theluji una matuta na mabonde yaliyochongwa na upepo, ambayo wachunguzi wa ncha huyaita sastrugi, na vipande viwili vilivyo umbali wa hatua mbili vinaweza kuwa na theluji za majuma tofauti. Kazi zilizofanywa karibu na kituo cha Kohnen huko Antaktika zilionyesha kuwa sehemu zilizo karibu sana hufanana kwa sababu ya tuta moja, hivyo inapendekezwa kuziachanisha kwa mita 10 au zaidi ili kila sampuli ilete habari yake. Chukua mfano: kama tofauti kati ya sehemu na sehemu ina mkengeuko wa 2‰, sampuli moja kwa siku haiwezi kukuonyesha badiliko la 1‰. Sampuli 10 zilizoachanishwa vizuri huushusha mkengeuko wa wastani hadi karibu 0.6‰, na hapo badiliko la siku linaanza kuonekana.

Je, zichanganywe kwenye mfuko mmoja? Kuchanganya kunaokoa muda wa mashine na mizigo, na kwa mfululizo mrefu wa kila siku ni uamuzi wa busara. Lakini angalau mara moja kwa juma zipimwe moja moja, la sivyo hutajua kamwe utofauti wa eneo lako, na bila huo huwezi kuweka mipaka ya uhakika kwenye mstari wowote utakaouchora.

Hatua ambayo wengi huiruka ni kupima urefu wa theluji kwa rula kwenye vijiti vilevile kila siku. Bila hiyo, badiliko la δ18O lina maelezo mawili yasiyoweza kutenganishwa: ama tabaka lilelile limebadilika, ama upepo umeondoa sentimita moja na unachochota leo ni tabaka jingine kabisa. Andika pia saa, joto la uso, kasi ya upepo na aina ya uso: theluji mpya laini, gamba gumu, sakitu, au tuta. Picha moja ya karibu yenye rula ndani yake huokoa mabishano ya miezi. Chota saa ileile kila siku, kwa sababu mchana na usiku vina kazi zinazopingana.

Kwa anayetaka zaidi ya uso, kuna bomba la nyuzi za kaboni lenye urefu wa mita 1 na kipenyo cha sentimita 10. Husukumwa wima kwenye theluji, hufukuliwa pembeni na kutolewa likiwa limejaa, kisha theluji hukatwa vipande vya sentimita 1 au 2. Husumbua pale tu penye tabaka laini la punje kubwa, ambalo hubonyea na kuhamisha kina cha kila kilicho chini yake.

Mfuko, kuyeyusha, chupa

Mifuko safi ya plastiki inayoviringishwa mdomo na kufungwa kwa waya hufanya kazi vizuri. Kamua hewa, viringisha mdomo mara tatu au zaidi, kisha weka mfuko ndani ya mwingine. Kuna tahadhari inayorudiwa kila mahali kwamba pasibaki hewa hata kidogo. Hesabu husema kitu sahihi zaidi. Lita moja ya hewa kwenye joto la 20 °C hushiba kwa miligramu 17 za maji. Katika sampuli ya gramu 30 hiyo ni asilimia 0.06, haina uzito. Katika sampuli ya gramu 2 iliyotiwa kwenye mfuko mkubwa ni asilimia 0.85, na hapo inauma. Basi mfuko ulingane na sampuli. Hatari kubwa kuliko hewa iliyomo ni tundu linaloibadilisha hewa hiyo tena na tena.

Tundu linauma kiasi gani? Kwenye 20 °C, mvuke ulio katika usawa na maji huwa mwepesi kwa karibu 10‰ kwa oksijeni-18. Asilimia 1 ya maji ikitoroka, δ18O ya kinachobaki hupanda kwa takriban 0.1‰, na hiyo ni kabla ya kuongeza mbio za kupenya hewa kavu, ambazo huikuza zaidi na kuiangusha d. Kupoteza asilimia 5 kwenye chumba chenye hewa kavu kunatosha kutunga habari kamili ya theluji iliyochomwa na jua.

Kinga ni mizani. Pima uzito wa kila mfuko siku ya kuchota na uupime tena kabla ya kuyeyusha. Mizani ya kusoma gramu 0.1 inatosha kwa sampuli ya gramu 30. Mfuko uliopungua zaidi ya asilimia 1 hautupwi, unawekewa alama. Hakuna njia nyingine rahisi ya kutenganisha mvukizo wa uwandani na mvukizo wa ndani ya sanduku.

Sampuli zikikaa kwenye −20 °C kwa wiki kadhaa, utaona sakitu imejijenga kwenye kuta za mfuko kwa ndani. Hiyo ni sehemu ya sampuli. Mvuke umetoka kwenye punje ukaganda kwenye plastiki, na isotopi zake ni tofauti na za theluji iliyobaki katikati. Ukifungua na kumimina theluji ukaacha sakitu kutani, umeitenga sampuli kwa mkono wako. Yeyusha mfuko mzima ukiwa umefungwa, kwenye joto la chumba, usiku kucha. Usiuweke juu ya hita wala kwenye maji ya moto. Na usimimine mpaka kipande cha mwisho cha barafu kiishe: kati ya barafu na maji kuna mtengano wa karibu 3‰ kwa oksijeni-18 na karibu 20‰ kwa deuteri, hivyo maji ya kwanza hayafanani na ya mwisho. Kabla ya kufungua, tikisa ili matone ya kuta na ya mdomo yarudi.

Mimina haraka kwenye chupa yenye kifuniko chenye mpira au koni ya ndani. Kama chupa itabaki kwenye joto la chumba, ijaze mpaka shingoni. Kama itagandishwa tena, acha nafasi ya sehemu moja ya kumi, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi na chupa ya glasi hupasuka, au kifuniko hunyanyuka kidogo bila mtu kuona, jambo ambalo ni baya zaidi kwa kuwa halionekani. Kutoka EGRIP sampuli huruka kwa ndege za LC-130 zenye miguu ya skii hadi uwanja wa ndege wa Kangerlussuaq, magharibi mwa Greenland, kisha kuendelea Ulaya. Sampuli ikiyeyuka njiani ndani ya chupa iliyobana haijaharibika. Iliyokaa imeganda safari nzima huku kifuniko kimelegea imeharibika.

Ndani ya mashine

Zamani kazi yote ilikuwa ya spektromita ya masi, mashine inayotenganisha molekuli kwa uzito wake: gesi ya kaboni dioksidi huachwa juu ya maji kwa saa kadhaa kwenye joto lisilobadilika, oksijeni zibadilishane, kisha gesi ipimwe. Bado ni kipimo kizuri, lakini hutoa oksijeni tu, na deuteri huhitaji njia nyingine. Leo maabara nyingi hutumia leza, kwa mfano Picarro L2130-i, ambayo husoma δ18O na δD kwa pamoja.

Maji ya mikrolita 1.8 hivi huchomwa kwa sindano kwenye chemba yenye joto la 110 °C, hugeuka mvuke papo hapo na kuchanganyika na hewa iliyokaushwa au naitrojeni. Mvuke huingia kwenye chumba kidogo chenye vioo vinavyorudisha karibu mwanga wote, chenye joto la 80 °C na shinikizo la takriban 67 hPa. Leza hujaza chumba kwa mwanga kisha huzimwa, na mashine hupima mwanga unafifia kwa kasi gani. Kwa kuwa mwanga huruka kati ya vioo mara nyingi mno, husafiri kilomita kadhaa kabla ya kufa, ndiyo maana hata molekuli adimu huacha alama. Kila aina ya molekuli hufyonza rangi yake ya mwanga, na kasi ya kufifia kwenye kila rangi hutoa idadi yake.

Lenga mvuke wa sehemu 20,000 kwa milioni, na uridhike kati ya 17,000 na 23,000. Namba ya isotopi hutegemea kidogo wingi wa mvuke, hivyo sindano zinazotofautiana sana hazilinganishiki. Wingi ukianza kushuka polepole kutoka sindano hadi sindano, mtuhumiwa wa kwanza ni mpira wa mlango wa chemba uliotobolewa mara nyingi, wa pili ni sindano iliyochakaa. Mpira ubadilishwe kwa ratiba, usisubiri uvuje, kwa sababu kabla ya kuvuja waziwazi hutupa vipande vidogo ndani ya chemba, navyo hushika maji.

Maji kushika ndiko kunakoitwa kumbukumbu ya mashine. Sampuli iliyotangulia huacha unyevu kutani, na sindano ya kwanza ya sampuli mpya huja na mchanganyiko. Kama sindano hiyo inabeba asilimia 3 ya maji ya nyuma na umeruka kutoka −10 hadi −50‰, kosa lake ni 1.2‰. Deuteri hukumbuka zaidi ya oksijeni-18. Kwa hiyo choma kila sampuli mara 6 au zaidi, tupa 3 za mwanzo, na zipange sampuli ili majirani wafanane. Baada ya kubadili kutoka maji ya rejea mazito kwenda theluji ya Antaktika, ongeza sindano. Kila moja huchukua kama dakika 9, basi sindano 6 ni karibu saa nzima kwa sampuli moja, na siku nzima haivuki sampuli 24 ukijumlisha na maji ya rejea humohumo.

Mashine haijui ukweli, inajua tofauti. Ukweli unatoka kwenye maji ya rejea ya maabara, angalau aina tatu: mbili za kukumbatia sampuli juu na chini, na ya tatu ya kujikagua, isiyoingizwa kwenye hesabu. Tuseme maji mawili yenye thamani halisi −20.00 na −50.00 yamesomwa −19.40 na −48.80. Mteremko ni 30.00 gawanya kwa 29.40, yaani 1.0204. Sampuli iliyosomwa −40.00 iko 20.60 chini ya rejea ya kwanza. Zidisha kwa 1.0204 upate 21.02, thamani halisi ni −41.02‰. Bila hatua hii ungekosea kwa 1‰, ambayo kwa kanuni ya Antaktika Mashariki ni zaidi ya nyuzi 1 ya joto. Kuna mtego hapa kwa theluji ya Antaktika: rejea nyepesi ya dunia, SLAP, iko −55.5‰, na theluji inayoanguka Dome C majira ya baridi hushuka chini ya hapo. Unavuka mwisho wa rula, na ni lazima uliseme hilo kwenye jedwali lako.

Usidanganyike na usahihi wa d. Kama δ18O ina shaka ya 0.1‰ na δD ya 0.5‰, shaka ya d ni kipeuo cha pili cha jumla ya 0.25 na 0.64, yaani karibu 0.94‰. Sehemu kubwa inatoka kwenye oksijeni, kwa sababu kosa lake huzidishwa kwa 8. Anayetaka d nzuri aanze kuboresha δ18O.

Mvuke wa juu ya theluji

Kupima theluji bila hewa inayobadilishana nayo ni kusikiliza upande mmoja wa mazungumzo, kwa hiyo kambi kubwa huweka leza ya pili inayovuta hewa kutoka urefu tofauti juu ya uso. Bomba lote lipashwe joto kutoka mdomoni hadi kwenye mashine. Sehemu moja ya baridi, hata kiungo kidogo tu, hugandisha mvuke na kuchuja molekuli nzito. Tatizo kubwa zaidi ni ukavu. Kwenye shinikizo la Dome C, hewa iliyoshiba ya −30 °C ina takriban sehemu 600 za mvuke kwa milioni. Ya −70 °C ina 4 hivi. Mashine zilizoundwa kwa ajili ya 20,000 hupotoka sana huko chini, na upotovu huo hutofautiana kati ya mashine moja na nyingine, hata za kiwanda kimoja. Kila mashine hufanyiwa jaribio lake: maji yale yale ya rejea hupelekwa kwa viwango vingi vya unyevu, mkunjo huchorwa, na masahihisho hutolewa humo.

Kusoma matokeo

Ukiwa na mfululizo wa siku, anza na mambo matatu kwa pamoja: δ18O, d, na urefu wa theluji. δ18O ikiruka ghafla huku urefu ukipanda, ni theluji mpya. Ikiruka huku urefu ukishuka, upepo umefunua tabaka la zamani. Urefu ukisimama, δ18O ikipanda polepole na d ikishuka siku baada ya siku, ndipo pa kufikiria uvukizi, na hapo ndipo pa kufungua daftari la mizani kwanza. Mifuko isipopoteza uzito, na siku zenyewe zikiwa za jua na hewa kavu kwa kumbukumbu ya kituo cha hali ya hewa, dai lina miguu. δ18O ikifuata mvuke wa hewa wakati wa siku zenye ukungu na sakitu nyingi, tafuta ubadilishanaji wa usiku.

Jedwali linalotolewa kwa wengine libebe kina cha kuchota, umbali kati ya sehemu, idadi ya sampuli zilizochanganywa, saa, urefu wa theluji, upungufu wa uzito, aina ya mashine, idadi ya sindano zilizotupwa, thamani za maji ya rejea na matokeo ya yale ya kujikagua. Anayesoma mche wa barafu wa Little Dome C, ambao mradi wa Beyond EPICA ulitangaza Januari 2025 kuwa umefika mwambani kwa mita 2,800 ukiwa na barafu ya zaidi ya miaka milioni 1.2, atahitaji kujua ni kiasi gani cha namba zake ni wingu na kiasi gani ni wiki za jua juu ya theluji iliyokuwa wazi. Anaweza kulijibu swali hilo kwa vipimo vya theluji ya leo tu, na safu ya upungufu wa uzito ndiyo ambayo majedwali mengi bado hayana.